Namba ya Wifi

Chumba cha kufulia, hospitalini
6 Februari

Wifi,

Hujambo? Mimi sijambo, na hata usiponiuliza sijambo. Afya yako naamini ni njema, maana mtu anayekaa kitini siku nzima huku anapuliziwa ubaridi hana pa kuugulia. Huku kwetu mgongo wangu unauma kama kawaida, na binti yetu yuko chuoni, mzima.

Salamu zimeisha. Sasa nisikilize.

Simu yangu nimekufungia, kwa hiyo usihangaike kupiga. Sitaki kusikia ile sauti yako laini ya kuwanyima watu fidia. Andika, ili kesho usije ukasema hukusema.

Jana mwenzangu wa zamu, yule ninayekunja naye mashuka, aliniambia, "Bwana wako nimemwona ukumbi wa mashine za karata, kule juu ya duka la viatu." Nikamwambia umemfananisha. Mume wangu tangu amwage unga kwenye kampuni ya lifti anatoka kila asubuhi na mkoba wake wa spana, anatafuta kibarua. Akanijibu, "Hata mkoba nimeuona. Ulikuwa chini ya kiti."

Saa ya chakula nilipanda zile ngazi na sare yangu ya kazi. Madirisha yana mapazia mazito mchana kweupe, zulia linanuka sigara za watu waliokwisha kuondoka, mashine sita zimepangwa safu moja, na juu yake kuna kibao chenye namba nyekundu. Mume wangu alikuwa mashine ya mwisho. Hachezi. Amekunja mikono, anaikodolea ile namba kama mgonjwa anayesubiri kuitwa na daktari.

"Unafanya nini hapa?"

"Nasubiri."

"Unasubiri nini?"

"Namba ifike elfu nane na mia saba."

"Namba ya nani hiyo?"

"Ya dada."

Wifi, watu waligeuka. Yule mama anayebadilisha chenji aliacha kuhesabu. Ndipo mume wangu akanieleza, kwa utulivu kama mtu anayesoma gazeti, kwamba wewe ndiye unayetuma pesa, wewe ndiye uliyechagua mashine, na wewe ndiye utakayesema lini acheze. Umekaa huko mbali unamwendesha kaka yako kama lifti: panda, simama, shuka.

Mwachie mume wangu. Kama kamari imekukaa rohoni, njoo uicheze kwa makalio yako mwenyewe.

Wifi yako,
mke wa kaka yako


Ofisi ya bima, ghorofa ya nne
14 Februari

Wifi,

Barua yako imefika, na salamu nimezipokea, zile ambazo zilikuwa salamu. Mimi mzima. Pole kwa mgongo. Msalimie binti yetu.

Umeandika neno kamari. Lifute. Kazi yangu ni kukadiria: nyumba ipi itaungua, gari lipi litagongwa, na mwenye nalo alipe kiasi gani ili kampuni isipate hasara. Ile mashine ni bima iliyogeuzwa miguu juu, basi.

Nitakueleza polepole, kwa kuwa najua hukumuuliza yeye. Mashine inakugawia karata tano. Unabakiza unazozitaka, nyingine inakubadilishia mara moja tu. Ukiwa na jozi ya maghulamu au kubwa zaidi unarudishiwa ulichoweka. Tatu za namna moja pamoja na jozi, hiyo wachezaji wanaiita tatu-na-mbili, inalipa mara nane. Na ukipata ree, mfalme, malkia, ghulamu na kumi, zote za kopa au zote za shupaza au vyovyote mradi zifanane, unachukua jakpoti, ile namba nyekundu uliyoiona.

Hizo tano za mwisho huja, kwa wastani, mara moja katika migao elfu arobaini. Jakpoti inaanzia sarafu elfu nne. Hapo mashine inakula: ukiweka mia, inarudisha tisini na saba na kidogo. Lakini kila anayecheza anaacha chembe kwenye kibao, na namba inapanda. Nimepiga hesabu kwa wiki mbili. Ikifika elfu nane na mia saba, mashine inarudisha mia kwa mia. Ikizidi hapo, tunaokula ni sisi. Tunakula pesa za waliokwisha kuliwa.

Kabla ya hapo nimemkataza asiweke hata sarafu moja, na hajaweka. Wewe mwenyewe umemkuta amekunja mikono. Ikianguka jakpoti, nusu yake, nusu yangu. Mtaji ni wangu wote.

Unasema namwendesha. Alipofukuzwa kazi alinipigia simu akiwa chooni kwenu, ananong'ona, kwa sababu sebuleni ulikuwa na rafiki zako na ulikuwa ukimwita "fanicha". Fanicha, wifi. Mtu aliyepandisha na kushusha mji mzima kwa miaka ishirini. Mimi nilimtafutia mahali pa kwenda asubuhi. Wewe ulimtafutia jina.

Wifi yako,
dada wa mumeo


Chumba cha kufulia
22 Februari

Wifi,

Natumai barua hii inakukuta salama. Sisi tu wazima, isipokuwa mashine kubwa ya kukausha imeharibika, kwa hiyo tunaanika mashuka kwenye ngazi za dharura kama watu waliohamishwa.

Ndiyo, nilimwita fanicha. Naye alicheka. Huo ulikuwa utani wa watu wawili wanaolala kitanda kimoja, na wewe, samahani, hilo halitakuingia kichwani. Kama alikwenda chooni kukulilia, basi nyote wawili mna adabu za chooni.

Hesabu yako nimeisoma. Nimeisoma saa ya chai, simu mkononi, nikaipiga upya. Usishtuke, kugawanya nafahamu. Mume wangu hana papara. Atabonyeza, atatazama, atafikiri. Tuseme migao mia tatu kwa saa. Elfu arobaini ukigawanya kwa mia tatu ni zaidi ya saa mia na thelathini. Kwa wastani! Wastani wako mimi naujua. Hapa kufulia shuka moja linatoka limeungua, jingine linatoka bichi, na meneja anasema kwa wastani tumepiga pasi vizuri.

Tena mashine ni sita na kibao ni kimoja. Mwingine akiinyakua je? Hukuliandika hilo. Umeandika kama vile ukumbi mzima yuko kaka yako peke yake.

Nimemwambia aache. Akasema, "Dada amekwisha kupiga hesabu." Nikamwambia mimi ni mkeo. Akasema, "Najua. Ndiyo maana sijakuficha." Sasa mtu wa namna hiyo utamfanyaje?

Basi nakuambia hivi. Mtu akikaa kwenye kiti kwa faida yako, saa ulizompangia wewe, kwa masharti yako, huyo ni mfanyakazi wako. Mlipe mshahara. Kila saa, ashinde asishinde, mbali na huo mtaji wako. Kama hesabu ni nzuri kiasi hicho, mshahara hautakushinda. Kama utakushinda, mwache aje aning'inize mashuka, huku analipwa.

Namba leo ni elfu nane na mia nne. Nilipita nikaitazama. Nilikuwa napita tu.

Wifi yako,
mke wa kaka yako


Ofisi ya bima
2 Machi

Wifi,

Hujambo na nyumba yako? Mimi sijambo.

Mwingine akiinyakua, tunasimama. Hatujanyang'anywa kitu, kwa sababu kila mgao una nafasi yake ileile, awe anacheza mmoja au sita. Sikuliandika kwa kuwa nilidhani liko wazi.

Mfano wako wa mashuka ni mzuri. Sikuutegemea kwako.

Mshahara nimekubali. Usivimbe kichwa, hujanishinda. Nimeona tu kwamba anayelipwa huwahi na hachoki. Nitamtumia kila Ijumaa, kwa saa tano za kila siku. Lakini atafuata masharti, na wewe kwa kuwa unapita-pita, mkumbushe.

Kila mgao aweke sarafu tano. Akiweka nne na zile karata zikaja, kibao hakilipwi, analipwa vijisenti na nitakufa kwa hasira. Na jambo la pili ni gumu zaidi kwa moyo: akipewa jozi ya wafalme, lakini mfalme mmoja yuko pamoja na malkia na ghulamu wake wa kopa, aivunje jozi. Abakize wale watatu wa kopa. Jozi ni pesa ndogo iliyo mkononi, itamwita kwa jina. Kwa namba ilivyo kubwa, avunje. Nimemwambia kwa simu mara nyingi, anasema "ndiyo, dada", na mimi nazijua "ndiyo, dada" zake.

Anaanza siku namba itakapofika. Si kabla.

Wifi yako,
dada wa mumeo


Chumba cha kufulia
11 Aprili

Wifi,

Salamu. Sina hamu ya kukuuliza afya yako, lakini mama yangu alinilea, kwa hiyo nakuuliza. Sisi tunapumua.

Umekula hasara wiki tano, tangu aanze kucheza, na sasa nitakuambia kwa nini. Kaa.

Jana nilimpelekea chakula. Anasahau kula, amekonda shingo. Nikakaa kiti cha pembeni nikimngoja amalize, macho yakatua kwenye kioo cha mashine, pale palipoandikwa malipo. Nikatafuta ile tatu-na-mbili yako, kwa kuwa barua yako nimeisoma mpaka imechakaa. Uliandika inalipa nane. Kwenye kioo imeandikwa saba.

Nikaenda kwa mama wa chenji. "Hii si ilikuwa nane?"

"Ilikuwa nane," akasema. "Mwenye ukumbi alibadilisha mwezi uliopita, kibao kilipovuka elfu tisa. Alisema watu wanakuja kwa wingi mno."

"Na hakuna aliyeuliza?"

"Mumeo aliuliza siku ileile."

Wifi, nilirudi pale nikamtazama mume wangu anavyobonyeza. Sikumwambia kitu mbele za watu. Nyumbani ndipo nilipomvaa.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Hukumwambia dada yako?"

"Angesema nisimame."

"Si ndiyo hesabu yenyewe? Si ndiyo mnayoiabudu?"

Alikuwa anapiga pasi shati lake la kesho. Siku hizi anapiga pasi mwenyewe, ananyoa ndevu kila asubuhi, anatoka saa mbili kamili. Kisha akasema, "Nikisimama, naenda wapi?"

Wewe mwenye majibu, mjibu.

Wifi yako,
mke wa kaka yako


Ofisi ya bima
17 Aprili

Wifi,

Sikuulizi habari.

Nimepiga hesabu upya. Kwa malipo ya saba, namba inayofaa ni karibu elfu kumi na moja. Leo kibao kiko elfu tisa na mia tisa. Maana yake tangu Machi, kila sarafu aliyoweka aliiweka kwenye mdomo wa mamba, na alijua, na kila Ijumaa alinipigia akaniambia "tunaendelea vizuri, dada".

Unataka nimjibu yeye. Nakujibu wewe. Nani alidai mshahara? Nani aliandika "kila saa, ashinde asishinde"? Kabla yako alikuwa mtu aliyekunja mikono mbele ya mashine, hapotezi hata sarafu. Wewe ukamgeuza mwajiriwa. Na mwajiriwa gani anakwenda kumwambia tajiri wake kwamba kazi imekwisha? Ulitaka kunikomoa, ukamtega yeye.

Pesa ile nilikuwa nimeiweka kwa miaka tisa. Sitakuambia nilikuwa nimeiweka kwa ajili ya nini, usije ukanicheka.

Mwambie asimame. Kuanzia leo situmi mtaji wala mshahara. Simu zangu sasa hapokei, zinaita mpaka zinakata, kwa hiyo ujumbe huu mpelekee wewe. Neno moja: simama.

Dada wa mumeo


Chumba cha kufulia
5 Mei

Wifi,

Hujambo. Huku kuna mafua yanazunguka wodini na mashuka yameongezeka maradufu. Mikono yangu imetoka malengelenge kwa mvuke.

Nilimpa neno lako. Nilimpa kama ulivyoliandika. Akasema, "Sawa," akavaa shati lake, akaenda.

Kumbe mshahara wako hakuwa akiula. Alikuwa akiuweka. Na huo ndio amekuwa akiucheza, kidogokidogo, saa moja kwa siku, saa nyingine anakaa tu. "Itafika yenyewe," ananiambia. "Na mimi nitakuwa nimeshaketi."

Usiniambie habari za kumtega. Mimi nilidai alipwe kama mtu. Wewe ulikubali kwa sababu ulijua ni haki, halafu leo umekula hasara unatafuta wa kumtupia. Miaka ishirini ya bima imekufundisha hilo tu: ajali ikitokea, tafuta kosa la mteja.

Lakini sijaandika kwa hayo. Nimeandika kwa sababu jana alirudi mapema, akasimama mlangoni, hakuvua hata viatu. Akasema, "Imefika." Nilikwenda mwenyewe leo kuhakikisha. Elfu kumi na moja na arobaini.

Mfukoni hana kitu. Sarafu zake za mwisho ziliishia juzi. Na mashine zote sita zina watu, mpaka wengine wamesimama nyuma ya viti.

Haya, wifi. Namba ni yako, hesabu ni yako. Sasa inafaa au haifai? Nijibu bila kumung'unya maneno, kwa sababu asubuhi nimemwacha ameketi kitandani ananitazama navaa sare, na ndiye aliyesema nikuulize.

Wifi yako,
mke wa kaka yako


Ofisi ya bima
10 Mei

Wifi,

Hujambo. Pole kwa mikono. Paka mafuta ya mgando ukilala.

Inafaa kuchezwa. Haifai kuchezwa na sisi.

Nitaeleza mara moja tu. Namba ikizidi elfu kumi na moja, yeyote anayeweka sarafu anaweka mahali pazuri. Lakini uzuri huo wote umo ndani ya zile karata tano. Kabla hazijaja, mashine inakutafuna kila saa, tena vibaya kuliko zamani kwa sababu ya ile saba. Mwenye mtaji wa kutafunwa miezi mitatu bila kutetereka, acheze. Mwenye mtaji mdogo ataishiwa kabla hazijaja, na aliye nyuma ya kiti chake atakaa, na huenda ndiye atakayezipata. Nilichobakiza mimi benki kingemweka pale siku chache. Nafasi yake ya kushinda ni moja kati ya saba. Sita kati ya saba ni kwamba nabaki sina kitu, na yeye anabaki vilevile alivyo.

Mimi watu wanaokuja kwangu na moja kati ya saba nawarudisha mlangoni. Siwezi kumfanyia kaka yangu upendeleo kwa kumzamisha.

Jibu ni hapana. Mwambie nimesema asimame, arudi nyumbani. Na wewe usimwite tena lile jina.

Dada wa mumeo


Ofisi ya bima
2 Juni

Wifi,

Hamjambo huko? Hujajibu. Kaka yangu hapokei simu. Nilimpigia mpaka binti yenu chuoni, akasema "baba hajambo, shangazi," kwa haraka, kama mtoto aliyefundishwa la kusema.

Kuna nini? Kama ameuza kitu cha nyumbani, niambie. Kama anaumwa, niambie. Sina haja na maelezo marefu. Nipe mistari miwili.

Wifi yako,
dada wa mumeo


Chumba cha kufulia
20 Juni

Wifi,

Natumai u mzima. Sisi ni wazima kuliko tulivyokuwa.

Barua yako ya "hapana" nilimsomea kwa sauti. Alisikiliza yote, akasema, "Dada ana haki." Akajilaza akageukia ukutani. Kesho yake hakunyoa. Keshokutwa hakunyoa. Siku ya tatu nilitoka kazini nikamkuta amekaa palepale nilipomwacha asubuhi, na lile jina likanijia mdomoni, wifi, likanijia lenyewe, na nikaona kwamba safari hii halitakuwa utani.

Nikaenda benki nikatoa akiba yangu. Yote. Wewe ulisema hapana, na mimi nikasema huyu ni mume wangu, si mteja wako.

Hesabu yako ilikuwa sahihi, nikuambie tu, maana najua ndiyo utakayoitafuta kwenye barua hii. Ilitutafuna. Siku nne tulitafunwa. Siku ya tano ilikuwa Jumamosi, nilikuwa na mapumziko, nikakaa naye. Zimebaki sarafu ambazo zingeenea kwenye mfuko wa sare yangu. Mashine ikamgawia ree, malkia na kumi, zote za shupaza, halafu malkia mwingine wa kopa, na tatu ya uru. Malkia wawili! Nikamshika bega. "Bakiza malkia! Bakiza jozi, urudishiwe!" Hakunitazama. Akabakiza shupaza tatu, akamtupa malkia wa kopa, na mimi nikafumba macho kwa hasira.

Nilifumbua kwa sababu ya ukimya. Mfalme wa shupaza, ghulamu wa shupaza. Taa juu ya kibao inazunguka, na mama wa chenji ameweka mkono mdomoni.

Hakupiga kelele. Aliinama akachukua mkoba wake wa spana chini ya kiti, akauvaa begani, akasema, "Mwiteni meneja."

Nyumbani alinirudishia akiba yangu yote. Kisha akahesabu ya kwako, mtaji mzima uliotuma tangu mwanzo, na mshahara juu yake, akaupeleka benki mwenyewe. Bila shaka umeuona. Nikamuuliza, "Na nusu yake?" Akasema, "Dada aliniambia nisimame. Nilipokaa tena sikuwa namkalia yeye." Kilichobaki hakuniambia ni kiasi gani. Amekodi banda na mafundi wenzake wawili wa zamani, wanatengeneza mota za lifti na pampu za maji. Anatoka saa moja sasa.

Mimi nimekatazwa neno moja nyumbani humu, na wewe unalijua. Wewe umekatazwa zaidi. Anasema atakupigia siku atakayotaka mwenyewe, na amenikataza kumsemea. Kwa hiyo simsemei. Najisemea mimi: nimechoka kuandika. Umeniita mtu wa kumtega mume wangu, na sijasahau. Hii ndiyo barua yangu ya mwisho kwako.

Mke wa kaka yako


Ofisi ya bima
28 Juni

Wifi,

Hujambo. Pesa nimeziona benki.

Sasa usinivishe mimi ubaya. Kushinda kwenu hakuifanyi barua yangu iwe ya uongo. Ilikuwa moja kati ya saba. Mtu akivuka barabara amefumba macho na asigongwe, hatusemi alivuka vizuri. Ungekuwa umeshindwa, leo ungekuwa huna akiba na ungekuwa unaniandikia kila wiki.

Na nani alimfundisha kuvunja jozi? Wewe ulimshika bega ukamwambia abakize malkia. Kwa maneno yako mwenyewe! Kama angekusikiliza wewe, angerudishiwa sarafu tano. Alinisikiliza mimi. Kwa hiyo nusu ni yangu, kama tulivyopatana Februari, na nitaidai.

Nasubiri jibu lako.

Wifi yako,
dada wa mumeo


Ofisi ya bima
30 Agosti

Wifi,

Hamjambo? Mgongo unaendeleaje? Ile mashine ya kukausha ilitengenezwa?

Nusu nimeiacha. Nilikuwa na hasira. Sidai robo wala chochote, usidhani naandika kwa sababu ya pesa.

Kaka yangu hajapiga. Mwambie sio lazima aombe radhi kwa zile "tunaendelea vizuri". Mwambie sijawahi kumdhania mjinga. Au usimwambie, kama amekukataza. Niambie tu banda lao liko mtaa gani, na kama wateja wanakuja.

Wifi yako,
dada wa mumeo


Nyumbani
17 Oktoba

Wifi,

Natumai nyote hamjambo, wewe, yeye na binti.

Mimi niliugua kidogo mwezi uliopita. Homa tu, lakini ilinilaza hospitali siku kadhaa. Mashuka yao hayakuwa yamenyooka, nikakukumbuka. Nesi aliniuliza, "Tumpigie nani?" Nikawa nafikiri. Nilifikiri kwa muda mrefu, mpaka yeye mwenyewe akaandika "hakuna" akaenda kwa mgonjwa mwingine. Sikumrekebisha. Sasa nimepona, usijali. Nimerudi kazini, leo nimepumzika.

Yule mlinzi wa mapokezi ofisini, aliyekuwa akiniletea bahasha zako, alizoea kunyanyua mkono kutoka mbali na kusema, "Wifi yako huyo, kaja na moto." Nilikuwa nazisoma nimesimama, palepale kwenye ngazi, na hasira ilikuwa ikinipandisha ghorofa nne bila kuhisi miguu. Jana aliniuliza kama umehama.

Niandikie. Huna haja ya kuniambia habari zake, wala kunisamehe, wala mimi sikuombi tuwe marafiki, hatujawahi kuwa. Kama huna la kusema, nitukane. Hata matusi nitayasoma mpaka mwisho.

Wifi yako